Rimu Nyepesi kwa Gari la Uwanjani: Kwa Nini Uzito Ni Swali la Nne

Mwaka 1996 kampuni ya Rays ya Japani ilitoa rimu ambayo jina lake linatangaza uzito wake: TE37. Tarakimu hizo mbili zinasimama badala ya kilo 3.7, uzito wa rimu moja ya kipenyo cha inchi 15 na upana wa inchi 6. Tangu hapo, karibu kila anayejenga gari la kukimbizia uwanjani huanza na swali moja: rimu hii ina kilo ngapi? Lakini huko Marekani kuna daraja la mashindano liitwalo Spec Miata, ambamo hushindana magari madogo ya Mazda MX-5, na kanuni zake zinakataza rimu yenye uzito wa chini ya pauni 13, yaani kama kilo 5.9. Watu wanaogombania sehemu ya kumi ya sekunde wamekubali wenyewe kuzifungia nje rimu nyepesi kuliko zote.

Mambo haya mawili hayapingani. La kwanza linathibitisha kwamba wepesi wa rimu una faida halisi, vinginevyo hakuna mtu angehangaika kuutafuta. La pili linaonyesha kwamba faida hiyo ni ghali, na kwamba mbio nzuri zinawezekana bila hiyo. Katikati yake ndipo anaposimama mnunuzi, mkononi ana fedha zenye kikomo, mbele yake kuna orodha ndefu ya rimu, na kila tangazo linamtajia gramu.

Msimamo wangu ni kwamba uzito ni swali la nne. Kabla yake yapo matatu: rimu itabeba tairi gani, itakaaje kwenye gari, na itastahimili nini. Anayeyajibu kwa mpangilio huo hupata rimu inayomfanya awe na kasi zaidi na arudi nyumbani salama. Anayeanza na mzani huenda akalipa sana kwa kitu kisichomsaidia, au kitakachompasukia kwenye kona. Mfano wangu utakuwa MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyozinduliwa mwaka 1989. Ni gari jepesi, chini kidogo ya kilo 1,000, limetapakaa kwenye viwanja vya mbio vya Japani, Ulaya na Marekani, na vipimo vyake vinajulikana vizuri.

Thamani halisi ya kilo moja

Gurudumu hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: husonga mbele pamoja na gari, na huzunguka. Injini hugharimia yote mawili. Hapo ndipo ulipozaliwa usemi kwamba kilo moja iliyotolewa kwenye gurudumu ni sawa na kilo nne, nane, hata kumi zilizotolewa kwenye bodi. Fizikia haiukubali usemi huo. Gharama ya kuzungusha kitu hutegemea umbali wake kutoka katikati, ukilinganishwa na nusu kipenyo cha tairi zima. Kilo iliyo kwenye uso wa tairi, pale mpira unapogusa lami, huhesabika karibu mara mbili na haiwezi kuzidi hapo. Kilo iliyo karibu na habu huhesabika kama kilo moja na ushei kidogo tu.

Rimu iko kati ya ncha hizo mbili. Tairi la 205/50R15 lina nusu kipenyo cha milimita 293 hivi, na duara la rimu linaloshika tairi hilo liko milimita 190 kutoka katikati. Gawanya 190 kwa 293, zidisha jibu kwa lenyewe, utapata 0.42. Maana yake ni kwamba kilo moja iliyopunguzwa kwenye duara la nje la rimu ni sawa na kilo 1.42 zilizopunguzwa kwenye bodi wakati gari linapoongeza mwendo. Iliyopunguzwa kwenye spoki huhesabika pungufu ya hapo.

Sasa tuseme umebadilisha rimu na kila moja imepungua kilo 2, jambo ambalo kwa rimu za inchi 15 ni mafanikio makubwa. Jumla ni kilo 8, ambazo kwa hesabu ya juu kabisa ni sawa na kilo 11.4 za bodi. Kwa gari la kilo 1,080 pamoja na dereva, hiyo ni asilimia moja tu. Ukitoka kwenye kona kwa kilomita 87 kwa saa na kufika mwisho wa sehemu iliyonyooka kwa kilomita 150 kwa saa, asilimia hiyo moja inakuongezea chini ya nusu kilomita kwa saa pale mwishoni.

Linganisha na tairi. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 60, gari lenye mshiko unaolingana na uzito wake hupita kwa kilomita 87 kwa saa. Mshiko ukiongezeka kwa asilimia 10, ambayo ni tofauti ya kawaida kati ya tairi la barabarani na tairi la michezo, gari lilelile hupita kwa kilomita 91 na zaidi. Kilomita nne kwa saa katika kila kona, kisha unaingia sehemu iliyonyooka ukiwa tayari na kasi hiyo. Hakuna rimu, hata iwe ya kaboni, inayoweza kununua kiasi hicho.

Wepesi una faida ya pili, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo yenye uzito zaidi. Rimu, tairi, diski, kalipa na habu ni mzigo usiobebwa na springi. Gurudumu likiruka kwenye tuta au kwenye ukingo wa njia, springi na shokapu ndizo zinazolazimika kulirudisha chini, na wakati liko hewani halina mshiko wowote. Kwenye kona moja ya gari dogo, mzigo huo ni kama kilo 30 hadi 35. Kutoa kilo 2 ni kupunguza asilimia 6, na gurudumu litarudi chini upesi kidogo. Kwenye uwanja mfupi wenye lami laini kama Tsukuba huko Japani, wenye mita 2,045 kwa mzunguko, hilo halionekani sana. Kwenye Nordschleife ya Ujerumani, kilomita 20.8 za mabonde, vilima na lami yenye mawimbi, dereva mzoefu hulihisi. Lakini shokapu zilizochoka hulifuta kabisa, kwa hiyo mwenye shokapu za zamani na fedha za kitu kimoja tu anajua aanzie wapi.

Swali la kwanza: tairi

Rimu ipo ili ilipe tairi umbo linalostahili. Kwa hiyo uchaguzi huanza na tairi, na tairi huanza na kile kinachopatikana madukani kwa daraja unalotaka kukimbia. Kwa MX-5 hiyo, inchi 15 ndiyo saizi yenye matairi mengi ya michezo, hasa 205/50R15 na 225/45R15. Rimu ya kiwandani ilikuwa ya inchi 14 kwa upana wa inchi 5.5, ikivaa tairi la 185/60R14. Kwenye saizi hiyo ya zamani matairi mazuri ya uwanjani yamebaki machache.

Kila tairi lina mipaka ya upana wa rimu ambayo mtengenezaji wake ameidhinisha. Tairi la 205/50R15 huruhusiwa kwenye rimu ya inchi 5.5 hadi 7.5, na la 225/45R15 kwenye inchi 7 hadi 8.5. Ndani ya mipaka hiyo, wenye uzoefu wa uwanjani huegemea upande mpana. Rimu nyembamba huacha ubavu wa tairi umebinuka kama puto, na gari likilala kwenye kona ubavu huo hujikunja kabla uso wa tairi haujafanya kazi yake. Usukani hujibu kwa kuchelewa, na bega la nje la tairi huliwa haraka. Rimu pana husimamisha ubavu wima, nao uso wote wa tairi hukaa kwenye lami.

Hapa mzani unaweza kudanganya. Rimu ya inchi 8 huzidi ile ya inchi 7 ya aina hiyohiyo kwa nusu kilo au zaidi. Anayetazama uzito peke yake atachagua ya inchi 7 kwa tairi la 225 na atakuwa ameokoa gramu chache huku akipoteza mshiko. Tena, matairi mawili ya saizi moja kutoka kwa watengenezaji tofauti yanaweza kupishana kilo nzima, na kilo hiyo iko pembezoni kabisa, pale inapohesabika karibu mara mbili. Mwenye hamu ya kupunguza uzito unaozunguka na apime tairi kabla ya kupima rimu.

Kipenyo nacho kina kanuni nyepesi: chagua kilicho kidogo kuliko vyote kinachozunguka breki zako bila kugusa. Rimu kubwa huleta metali zaidi, huipeleka mbali na katikati, na tairi lake ni ghali. Mashindano ya dunia ya rali yanalionyesha hilo kwa uwazi. Magari yanayokuja Naivasha kwa Safari Rally, iliyorejea kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, hukimbia kwenye vumbi na mawe kwa rimu za inchi 15. Magari hayohayo yakienda kwenye rali za lami huvaa inchi 18, kwa kuwa lami inadai breki kubwa na tairi lenye ubavu mfupi. Ardhi ndiyo iliyoamua saizi, na kanuni za mchezo huo pia huweka uzito wa chini kabisa wa rimu, ili isitokee timu ikakimbilia wepesi unaovunjika.

Swali la pili: itakaaje kwenye gari

Mnunuzi anakuta namba nne au tano zimechorwa nyuma ya rimu, na kila moja inaweza kulikataa gari lake. Idadi ya matundu ya stadi na kipenyo cha duara lao, ambacho kwa MX-5 hii ni stadi 4 kwenye milimita 100. Tundu la katikati, milimita 54.1. Upana. Na ofseti, ile inayoandikwa ET, ambayo ni umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaobana habu.

Ofseti ndiyo inayowasumbua wengi, na dawa yake ni hesabu fupi. Rimu ya kiwandani ya inchi 5.5 yenye ET45 hutokeza nje ya uso wa habu kwa milimita 25 hivi na kuingia ndani kwa 115. Rimu ya inchi 8 yenye ET36, ambayo imezoeleka kwenye gari hili uwanjani, hutokeza nje milimita 66 na kuingia ndani 138. Kwa hiyo imesogea nje kwa zaidi ya sentimita 4 na ndani kwa zaidi ya 2. Hapo unajua mapema kwamba madigadi yatahitaji kukunjwa ukingo wake wa ndani, na kwamba shokapu na mikono ya chini lazima vipimwe. Hesabu hii haimgharimu mtu chochote, nayo huokoa fedha za seti nzima.

Kusogeza gurudumu nje kuna matokeo ambayo hayaonekani kwenye picha. Nguvu ya tairi hupata wenzo mrefu zaidi dhidi ya beringi, na beringi za mbele za gari dogo huumia mapema. Usukani huanza kuvutwa na kila bonde la lami. Breki zikishika upande mmoja zaidi ya mwingine, gari huyumba kwa nguvu zaidi kuliko zamani. Ofseti sahihi ni ile inayoruhusu tairi pana kukaa huku ikibaki karibu na jiometri ya mtengenezaji kadiri inavyowezekana. Spesa inaweza kutumika pale inapobidi, lakini huongeza uzito na hupunguza uzi wa stadi unaoingia kwenye nati. Kwa stadi ya milimita 12 yenye hatua ya 1.5, nati lazima izunguke mara nane au zaidi kabla ya kubana. Ikiwa haifiki, stadi ndefu zinunuliwe kwanza.

Breki nazo zina swali lao. Rimu mbili za saizi moja na ofseti moja zinaweza kutofautiana kabisa katika nafasi iliyo nyuma ya spoki. Moja hupita juu ya kalipa kubwa bila shida, nyingine husagana nayo kwenye mzunguko wa kwanza. Watengenezaji wazuri wa breki hutoa karatasi yenye mchoro wa kalipa kwa kipimo halisi. Ikatwe kwenye kadibodi na ijaribiwe ndani ya rimu kabla fedha hazijabadili mikono.

Mwisho ni nati. Rimu nyingi za dukani hutaka nati ya koni ya nyuzi 60, wakati magari ya Honda, kwa mfano, hutoka kiwandani na nati zenye mviringo. Nati ya mviringo kwenye kiti cha koni hugusa kwa mstari mwembamba tu, na hulegea joto likipanda na kushuka. Tundu la katikati likiwa kubwa kuliko habu, pete ya alumini ya kujazia nafasi ni bora kuliko ya plastiki, kwa sababu joto la breki za uwanjani huiyeyusha plastiki. Vali za mpira nazo zibadilishwe kwa za chuma kwa sababu hiyohiyo.

Swali la tatu: itastahimili nini

Uimara wa rimu huanzia kwenye namna ilivyotengenezwa. Rimu nyingi duniani ni za kusubu: alumini iliyoyeyushwa humiminwa kwenye kalibu, ama kwa uzito wake yenyewe au kwa kusukumwa na hewa yenye shinikizo dogo. Metali iliyoganda hivyo inaweza kubaki na vitundu vidogo ndani yake, kwa hiyo mhandisi huiongezea unene ili iwe salama. Unene huo ndio uzito.

Njia ya pili huanza kwa kusubu, kisha duara la nje hupashwa joto, huzungushwa na kukandwa kwa roli hadi livutike na kuwa jembamba. Metali iliyokandwa hushikamana zaidi, na duara hupungua unene pale hasa ambapo kilo huhesabika zaidi. Enkei ya Japani imejulikana kwa njia hii, na rimu yake ya RPF1 ya inchi 15 kwa 7 iko chini ya kilo 5. Kwa mtu anayelipa kutoka mfukoni mwake, naamini hii ndiyo teknolojia iliyobadilisha mambo kuliko zote: imeleta sehemu kubwa ya wepesi kwa sehemu ndogo ya bei.

Njia ya tatu ni kufua. Gogo la alumini hugandamizwa na mashine yenye nguvu ya maelfu ya tani mpaka lichukue umbo, kisha huchongwa. Chembe za metali hufuata umbo la rimu, vitundu hutoweka, na rimu huweza kuwa nyembamba bila kuwa dhaifu. TE37 ni ya ukoo huu. Faida ambayo haisemwi vya kutosha ni tabia yake inapogongwa: rimu ya kufua kwa kawaida hupinda kabla ya kupasuka, na dereva hupata onyo.

Magnesiamu ina msongamano wa karibu theluthi mbili ya ule wa alumini, na imetumika kwenye mashindano kwa miongo mingi. Inadai ukaguzi wa mara kwa mara, nayo huliwa na chumvi rangi yake ikikwaruzwa. Kwa mtu anayeishi Mombasa, Tanga au Abu Dhabi, hewa ya bahari inatosha kumfanya afikiri mara mbili. Rimu za nyuzi za kaboni ziliingia kwenye uzalishaji wa wingi na Ford Shelby GT350R ya mwaka 2015, zikitengenezwa na Carbon Revolution ya Australia. Ford ilitaja uzito wa pauni 18 badala ya 33 kwa rimu ya alumini inayolingana nayo, yaani kama kilo 7 chini kwa kila gurudumu. Kwa gari zito lenye rimu za inchi 19, uzito umekuwa tatizo kubwa kiasi cha kustahili dawa ghali. Kwenye inchi 15 hakuna kilo 7 za kuondoa.

Njia ya kutengeneza peke yake si ushahidi. Ushahidi ni majaribio. Japani ina kiwango cha JWL, ambacho mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe, na alama ya VIA, ambayo hutolewa baada ya rimu kupimwa na kusajiliwa na chombo huru. Ujerumani hairuhusu rimu isiyo ya kiwandani barabarani bila hati za kiufundi zinazoitambua. Majaribio yenyewe ni matatu: rimu hupindishwa huku ikizunguka ili kuiga kona, huzungushwa chini ya mzigo mzito, na huangushiwa chuma ikiwa imelazwa kwa pembe ya nyuzi 13 ili kuiga kugonga ukingo wa barabara.

Mwenye gari la uwanjani anapaswa kujua kilichofichika ndani ya jaribio la kwanza. Kanuni ya kimataifa ya ISO 3006 hukokotoa nguvu ya kupindisha kwa kuchukulia kwamba tairi lina mshiko wa 0.7, kisha huzidisha kwa kiwango cha usalama. Tairi la michezo kwenye lami kavu hupita 1.0. Kwa hiyo kila mzunguko wa uwanjani hula sehemu ya akiba ambayo mhandisi aliiweka kwa ajili ya mashimo na bahati mbaya. Chukua MX-5 yetu: ikiwa imesimama, gurudumu la mbele hubeba kama kilo 270. Kwenye kona kali, uzito ukihamia nje, gurudumu la mbele la upande wa nje hufika kilo 450 na zaidi, huku nguvu ya kiasi hichohicho ikilisukuma kutoka ubavuni. Ndiyo maana uzito wa juu unaoruhusiwa, ulioandikwa nyuma ya rimu, unapaswa kuzidi kwa mbali robo ya uzito wa gari.

Alumini ina tabia nyingine tofauti na chuma cha pua au chuma cha kawaida: uchovu wake hauna sakafu. Chuma kikibebeshwa mzigo ulio chini ya kiwango fulani kinaweza kudumu bila kikomo. Alumini huweka kumbukumbu ya kila pindo, hata dogo. Rimu nyepesi sana iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano ina umri wa kazi, na umri huo hupimwa kwa kona ilizopita, wala si kwa miaka. Nyufa huanzia nyuma ya spoki, pale zinapoungana na habu, na kuzunguka viti vya nati. Rimu zioshwe na kukaguliwa ndani na nje baada ya kila siku ya uwanjani, na kila msimu zipakwe rangi ya kupenya inayofichua nyufa ndogo. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye rimu ya gari la mbio ufa hauzibwi kabisa. Rimu hutolewa kazini.

Hilo linatugusa moja kwa moja Afrika Mashariki. Magari mengi ya barabara zetu hutoka Japani yakiwa yametumika, na rimu zilizotumika huja kwa njia hiyohiyo. Nyingine ni hazina: rimu halisi za kufua, zenye alama za JWL na VIA, kwa bei ambayo mpya hazipatikani. Nyingine zimegonga, zikanyooshwa kwa moto na kuchomelewa, kisha zikapakwa rangi zikang'aa. Alumini ya rimu hupata nguvu yake kwa kukomazwa kwa joto maalumu kiwandani, na moto wa kuchomelea huifuta nguvu hiyo pale ulipopita. Rimu ya namna hiyo inaweza kumfikisha mtu sokoni na kumrudisha. Kuipeleka kwenye kona ya kilomita 130 kwa saa ni kuhatarisha maisha. Vua tairi kwanza, tazama ndani ya duara, tafuta mshono wa kuchomelea, izungushe kwenye mashine ya balansi uone kama inayumba.

Rimu za kuiga nazo zipo kila soko. Umbo la TE37 limenakiliwa na wengi, na hata alama za JWL zinaweza kusubiwa kwenye rimu ambayo haikuwahi kupimwa. Nakala kwa kawaida huwa nzito kuliko ya asili, na huo ni uungwana wake wa mwisho. Ya hatari zaidi ni nakala nyepesi, kwa sababu wepesi bila metali bora hupatikana kwa njia moja tu, nayo ni kupunguza unene.

Sasa uzito

Aliyevuka maswali matatu amebakiwa na rimu chache, na hapo mzani unapata haki yake ya kusema. Kati ya rimu mbili zinazobeba tairi lilelile, zinazokaa sawa kwenye gari na zenye ushahidi wa uimara, iliyo nyepesi ni bora. Gari hushika breki vizuri zaidi, hutoka kwenye kona kwa wepesi, na shokapu hupumua.

Uzito utazamwe kwa saizi utakayonunua. Namba ya kwenye tangazo mara nyingi ni ya saizi ndogo kuliko zote. Zile kilo 3.7 za TE37 ni za rimu ya inchi 15 kwa 6, na rimu ya familia hiyohiyo kwa inchi 18 na upana wa 9.5 huzidi maradufu ya hapo. Ukiweza, ipime mwenyewe. Na utazame kilo zimekaa wapi. Rimu mbili za uzito sawa hazilingani kama moja ina duara jembamba na spoki nene, na nyingine kinyume chake. Ya kwanza huzunguka kwa wepesi zaidi, tena spoki nene hulinda pale nyufa zinapopenda kuanzia.

Kuna kipimo ambacho hakiko kwenye orodha yoyote: je, unaweza kupata nyingine? Rimu ya uwanjani itagonga ukingo siku moja. Rimu ya kawaida inayouzwa mwaka mzima huletewa mbadala ndani ya wiki. Rimu adimu iliyoacha kutengenezwa huliacha gari juu ya jeki msimu mzima, au humshawishi mwenye gari kuinyoosha na kuendelea kuitumia.

Kwa mwanzo, basi, mwenye MX-5 na bajeti ya kawaida anunue rimu za inchi 15 kwa 8 zilizosubiwa na kukandwa kwa roli, zenye alama za majaribio, uzito wa kilo 5.5 hadi 6 kila moja. Afadhali anunue tano kuliko nne. Seti ya kufua inaweza kugharimu mara tatu au zaidi, na tofauti hiyo ya fedha hununua matairi ya msimu, pedi za breki, spana ya toki ya kukazia nati kwa kipimo cha kitabu cha gari, na siku kadhaa na mwalimu wa uwanjani. Kila kimoja kati ya hivyo kitapunguza sekunde nyingi kuliko kilo moja ya rimu. Anayeshindana katika daraja lisilo na kikomo cha uzito, ambaye tayari ana matairi bora, shokapu bora na mkono uliofunzwa, huyo ana sababu ya kununua rimu za kufua, na ana wajibu wa kuzikagua kwa nidhamu ya fundi wa ndege.

Waliotunga kanuni ya pauni 13 katika Spec Miata walielewa jambo ambalo soko halipendi kulisema. Walipoondoa ushindani wa rimu, hawakupunguza ubora wa mbio zao. Walihamisha fedha na akili za washindani kwenda kwenye tairi, kwenye urekebishaji wa gari na kwenye udereva. Kila mwenye gari la uwanjani anaweza kujitungia kanuni kama hiyo kabla ya kwenda dukani: aamue tairi, apime nafasi, adai ushahidi wa uimara, kisha ndipo aombe mzani.